Kaunseling ya troma (majeraha ya moyo) huku Tudor, Mombasa: kaunsela mashallah, mapokezi ovyo

Hii naandikia wale ambao shida yao si ajali wala kuibiwa mara moja, ni ile ya kulelewa na mtu wa kukutisha miaka nenda miaka rudi, ama ndoa ya matusi na kununiwa mpaka ukisikia mlango wafunguliwa tu moyo unakwenda mbio. Kama ni hiyo, hiki kituo kidogo cha Tudor nendeni.

Kilichonifanya nibaki ni kwamba yule mama kaunsela hana haraka. Kwengine nilikoenda kabla (sipataji) kaunsela alitaka hadithi yote siku hiyo hiyo, nikalia nikatoka nimevurugika zaidi, na juu yake akanambia nisamehe tu, mzazi ni mzazi. Huyu alianza na nalala vipi, nakula, na huko nyumbani niko salama ama bado. Akanieleza huo ndio mpango wenyewe, daktari wa Marekani Judith Herman aliuandika 1992: usalama kwanza, halafu kukumbuka na kuomboleza, halafu ndio kurudi kwa watu. Tena kumbe shida hii hata WHO, shirika la afya la dunia, wameipa jina lake, complex PTSD, kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa iloanza kutumika 2022, mbali na PTSD ya kawaida (ile ya kubaki na hofu baada ya tukio baya), manake huku juu ya hofu na ndoto mbaya kuna kujiona si kitu, hasira ama ganzi usizoziweza, na kushindwa kukaa karibu na mtu. Wallahi nlinyamaza kimya, miaka yote naambiwa nna jini. (Kisomo bado nasomewa, na yeye hakunikataza.)

Siku moja alichelewa, nikanuna, nikawa nangoja anigeuzie maneno kama nlivozoea nyumbani. Akasema pole, nimekukosea, na ulipokuwa wangoja ulihisi nini? Mimi hapo ndipo palinisaidia kushinda hata yale mazoezi ya kupumua, ambayo kwa kweli sikuyaona maana sana.

Sasa mapokezi. Yule dada anaita jina lako kamili kwa sauti ya makanga na Mombasa hii nani hamjui nani? Ukuta nao mwembamba, wa chumba cha pili akilia wamsikia. Bei ni elfu mbili na mia tano kwa saa, bima yangu haikulipa hata shilingi, lakini ukimwambia kaunsela hali yako anapunguza, usione haya. Cheti pia mwombe, sheria ya makaunsela ya 2014 yataka wasajiliwe, huyu alinionyesha bila kukunja uso.

Jumamosi hujaa mapema, na mnaotoka Likoni mwaijua feri, tokeni mapema. Na kama kuna mtu anakupiga saa hii usingoje apointimenti, piga 1195, laini ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, ni bure.