Karakana mbili na maunti moja: tathmini ya kazi ya kurekebisha kishikizo cha injini ya Zenith CH 701

Ndege niliyoiunda mwenyewe ndani ya banda la kukodi hapa Missouri ni Zenith CH 701, ndege ndogo ya viti viwili iliyobuniwa na Chris Heintz katika miaka ya 1980, ambayo vifaa vyake vya kujiundia huuzwa na kiwanda kilichoko katika mji uitwao Mexico, katika jimbo hili hili. Kwa miaka kadhaa ilirushwa na injini ya Rotax 582 ya mipigo miwili yenye nguvu za farasi 65, mpaka nilipopata Rotax 912 UL iliyokwisha tumika, ya mipigo minne na nguvu za farasi 80, ikiuzwa pamoja na maunti yake, yaani kile kiunzi cha mabomba ya chuma kinachoishikilia injini mbele ya bamba la kukinga moto. Maunti hiyo ilikuwa imetengenezewa ndege ya aina nyingine, na miguu yake haikulingana na matundu ya ndege yangu. Ilinibidi nitafute mtu wa kuikata na kuichomelea upya. Nimezipitia karakana mbili, na sizitaji kwa majina: ya kwanza kwa sababu sitaki ugomvi, ya pili kwa sababu mwenyewe ameniomba hivyo, kwani kampuni yake ya bima haipendi kusikia neno ndege.

Karakana ya kwanza ilinitoza dola 260 na kunirudishia kazi baada ya siku mbili, nami nikaipokea kwa furaha kwa sababu ilikuwa inameremeta. Mishono yote ilikuwa imesagwa kwa grainda hata usingejua bomba lipi limeungwa wapi. Nilikulia Tanga, ambako fundi wa mageti husifiwa kwa mshono uliosagwa ukawa laini kama sahani, na macho yangu yalikuwa bado na mazoea hayo. Kwenye maunti ya ndege, kuusaga mshono ni kupunguza chuma pale pale kinapohitajika zaidi, na pia ni kuuficha ubora au ubovu wake, kwa kuwa mawimbi madogo ya mshono ndiyo yanayoonyesha kama joto lilikuwa sawa na kama chuma kimeyeyuka na kushikana hadi kwenye kona. Tulipoipandisha kwenye ndege, bolti ya chini upande wa kulia ilikataa kuingia. Tundu lilikuwa limehama milimita 3. Ingewezekana kuivuta kwa nguvu hadi bolti ipite, na fundi mwenyewe alinishauri hivyo kwenye simu, lakini bomba lililofungwa kwa kulazimishwa hubeba mzigo hata ndege ikiwa imeegeshwa, na mitetemo ya injini ikija juu ya mzigo huo, ufa unakuwa suala la muda tu. Nilipomuuliza alipoozaje mishono, alijibu bila wasiwasi kwamba alipuliza hewa ya kompresa. Chuma cha kromoli 4130, yaani aloi ya chuma yenye kromu na molibdeni ambayo ndiyo ya mabomba haya, kikipozwa ghafla namna hiyo hugeuka kuwa kigumu na chepesi kuvunjika kandokando ya mshono. Miguu ile yote niliikata na kuitupa.

Fundi wa pili alikataa kuipokea kazi siku ya kwanza. Alinituma nirudi bandani nikatoboe bamba nene la chuma kwa kulifuata tundu moja moja la ndege yenyewe, wala si kwa kufuata mchoro, kisha bamba hilo akaligeuza kuwa jigi, yaani kiunzi cha kushikilia vipande mahali pake wakati wa kuchomelea, na kufungia juu yake kila mguu kwa bolti za kipimo kile kile kitakachotumika. Nilikaa naye asubuhi nzima nikimtazama, na muda mwingi hakuchomelea chochote. Alikuwa anachonga kwa tupa mwisho wa kila bomba, lenye ukuta wa karibu milimita 0.9, mpaka likawa na umbo la mdomo wa samaki linaloukumbatia mwili wa bomba jenzake, na kila alipodhani amemaliza alijaribu kupenyeza karatasi kwenye kiungo. Ikipita, tupa inarudi kazini. Alipowasha mashine ya TIG, ile ya kuchomelea kwa umeme chini ya gesi, kwanza alizima feni na kufunga mlango ili upepo usiipeperushe gesi ya agoni inayoukinga mshono wala kuupoza mshono haraka, akapiga nukta za kushikiza kwa kuruka huku na huko badala ya kumaliza upande mmoja, ndipo akachomelea kwa waya wa kujazia wa aina ya ER70S-2. Kwenye bomba lililozibwa pande zote mbili alitoboa kitundu kidogo cha kupumulia hewa ya moto, akakiziba mwisho kabisa. Baada ya yote kupoa, bolti ziliingia kwa kusukumwa na kidole gumba.

Yeye ndiye aliyependekeza miguu irefushwe kwa milimita 40, ili mkono wangu upate nafasi nyuma ya injini, palipo na jenereta na nyaya za mfumo wa kuwasha. Pendekezo hilo si dogo kama linavyosikika. Injini pamoja na propela, maji na oili nilizihesabu kuwa kilo 80. Ukizisogeza milimita 40 mbele kwenye ndege ya kilo 430, kitovu cha uzito wa ndege nzima kinasogea mbele kwa milimita 7 hivi, na pua inakuwa nzito wakati wa kutua. Niliipima ndege upya kwenye mizani tatu na kuihamishia betri nyuma ya viti. Mahesabu ya nguvu nayo yalikuwa juu yangu. Kilo 80 hizo, ndege ikipata mzigo wa mara 3.8 ya uzito wake, huwa kama kilo 304 zinazoning'inia kwenye mabomba hayo, na hapo bado hujaongeza nguvu ya kuzungusha ya takriban nyutoni mita 230 inayotoka kwenye giaboksi. Fundi alisema wazi kwamba yeye anauza mshono, hauzi hesabu, na kwa sheria za Marekani bamba la utambulisho wa ndege ya kujiundia hubeba jina la mjenzi kama mtengenezaji, kwa hiyo alikuwa na haki.

Alinirudishia maunti ikiwa tupu, bila rangi, ili mshauri wa kujitolea wa EAA, chama cha wajenzi na warushaji wa ndege za kujiundia, aikague kwa tochi na lenzi. Nilipaka mwenyewe rangi nyembamba ya kijivu hafifu, ambayo mstari wa kutu ukianza kuchora juu ya ufa utaonekana mara moja, tofauti na rangi nzito ya unga iliyookwa. Badiliko la namna hii liliirudisha ndege kwenye kipindi cha majaribio kwa saa 5, kulingana na masharti yangu ya uendeshaji. Sasa imefikisha saa 40. Bushi za raba zililegea kidogo baada ya saa za mwanzo nikazikaza na kuweka spliti pini mpya. Mishono haina alama yoyote.

Lawama zangu kwa karakana hii ya pili ni mbili: nilisubiri wiki tatu, na hapokei simu akiwa kazini, jambo linalochosha ukiwa na ndege isiyo na pua. Bei ilikuwa dola 690. Ukijumlisha na 260 zilizopotea, chuma, bolti na siku zangu za likizo, mwenye CH 701 ambaye bado hajanunua kitu ana sababu nzuri ya kuagiza maunti ya 912 iliyo tayari kutoka kiwandani. Mwenye injini na maunti ya mtu mwingine mkononi, kama nilivyokuwa mimi, na atafute fundi atakayemuuliza habari za jigi kabla ya habari za malipo.