Efteling wakati wa baridi: je, familia ya Uganda iende Januari?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Tangu niweke zile picha za Uholanzi, akina mama wa Kampala, Jinja na hata Arua wananiuliza swali moja: "Dada, kule si baridi kali? Watoto watafurahi kweli?" Leo nalijibu. Efteling ni bustani kubwa ya michezo iliyoko Kaatsheuvel, kusini mwa Uholanzi, ilianza mwaka 1952 na msitu wake wa hadithi, na mimi nasema nendeni Januari. Msingoje kiangazi chao.

Angalieni kalenda. Shule zetu hufungwa mwanzoni mwa Desemba na mara nyingi hufunguliwa mwezi wa Pili. Watoto wa Uholanzi likizo yao ya Krismasi ni wiki mbili tu, halafu wanarudi darasani. Efteling yenyewe haifungwi, tangu 2010 iko wazi siku zote 365 za mwaka, na pambo lake la majira ya baridi, taa mitini na mioto ya kuota njiani, hudumu mpaka mwisho wa Januari. Basi kuna wiki kadhaa hapo katikati, Jumatatu hadi Ijumaa, wenyeji wako shuleni na kazini, sisi tuko likizo. Foleni zinapungua sana. Na kwa kuwa bei ya tiketi hupanda na kushuka kulingana na tarehe, siku tulivu mara nyingi ndizo nafuu. Nunueni mtandaoni, mkichagua siku yenu mapema.

Sasa baridi. Mchana wa Januari kule ni kama nyuzijoto 2 hadi 6. Mtu aliyelala Kabale, kule kwetu milimani, atasema baridi anaijua, lakini ya Kabale jua likitoka inakuachia. Ile inashinda nawe kutwa, ina unyevu, ina upepo. Jua lenyewe linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na karibu saa kumi na moja jioni linazama. Siku ni fupi, kwa hiyo fikeni bustani inapofunguliwa.

Hapa nataka tukae kidogo, maana nguo ndizo zitakazoamua kama watoto watacheka au watalia. Msinunue jaketi Ulaya kabla hamjapita soko la Owino, Kampala. Jaketi zile zile za baridi wanazovaa wao zinatufikia hapa ndani ya marobota ya mivumba, yaani mitumba, na wengi wetu tunaziona kwa watu wa bodaboda tu, wanaozivaa alfajiri. Ukiishika, usiangalie rangi. Ikunjue, itikise, kisha ipapase kwa vidole kuanzia bega hadi kiuno. Kama ni ya manyoya ya bata na yamejikusanya kwenye pembe, katikati umebaki na vitambaa viwili vitupu, iache. Funga zipu hadi kooni, ifungue, ifunge tena. Zipu inayokwama Owino, kule vidole vikiwa vimekufa ganzi haitafungika kabisa. Mimina tone la maji kwenye mkono wa jaketi. Likiteleza, vizuri. Likinywewa, hiyo ni ya baridi kavu, na Uholanzi hunyesha mvua kuliko theluji. Mwombe muuzaji apunguze, atapunguza, maana jaketi nzito Kampala hazina wanunuzi wengi.

Viatu ni jambo jingine. Mnunulie mtoto viatu vinavyompita kidogo ili soksi ya sufu ikae bila kubana, kwa sababu mguu uliobanwa damu haizunguki na soksi hata iwe nzuri vipi haisaidii. Glavu beba jozi mbili kwa kila mtoto. Nitawaambia kwa nini. Ndani ya Efteling kuna masanamu ya jitu nene liitwalo Holle Bolle Gijs, limeachama mdomo, linaita watu kwa sauti liletewe karatasi, na ukiweka karatasi mdomoni hewa inaivuta ndani, kisha linashukuru. Binti wa dada yangu aliokota kila karatasi iliyokuwa njiani. Ilikuwa imenyesha, karatasi zimelowa, na glavu zikalowa pia. Alivua, akaendelea mikono mitupu, na tulipomshika vidole vilikuwa vyekundu na hawezi kuvikunja. Glavu kavu za pili ndizo zilizotuokoa. Bustani ile ni safi mno, na mimi naamini Gijs ana mchango wake, watoto wanaifanya kazi ya usafi kwa furaha.

Rolakosta je, zile treni za kasi za kupanda na kushuka? Zinaendeshwa hata kwa baridi, ila mjue mambo mawili. La kwanza, grisi na magurudumu hukakamaa baridi ikizidi, treni inakwenda polepole kuliko kawaida, kwa hiyo siku za barafu treni za nje zinaweza kusimamishwa kwa usalama. Mkikuta tangazo hilo, msigombane na wafanyakazi. La pili ni upepo. Joris en de Draak, ile ya mbao ya mwaka 2010 ambapo treni mbili zinashindana, hufika kilomita 75 kwa saa. Hewa ikiwa nyuzijoto 3, kwa kasi hiyo ngozi ya uso inahisi kama hasi 5. Shali ni hatari kwenye treni, inaweza kunasa, hivyo funika shingo kwa kola ya jaketi. Baron 1898 ndiyo ya wenye moyo, inakuning'iniza juu ya shimo kisha inakuangusha mita 37.5 hadi kilomita 90 kwa saa. Inataka urefu wa sentimita 132, Joris sentimita 110. Mpimeni mtoto nyumbani asije akalia getini. Michezo ya maji kama Piraña msiihesabu, huenda mkaikuta imefungwa.

Lakini sababu hasa ya mimi kuichagua Efteling ni kwamba mazuri yake mengi yako chini ya paa. Droomvlucht inakubeba hewani kati ya vibwengo na majumba ya ndoto. Vogel Rok ni rolakosta ya ndani, gizani, iliyojengwa juu ya kisa cha Sindbad Baharia na yule ndege mkubwa. Watoto wetu waliolelewa na hadithi hizo watamtambua mara moja. Fata Morgana unapanda mashua kupitia mji wa Kiarabu. Danse Macabre iliyofunguliwa Oktoba 2024 inatisha kwelikweli, wadogo wabaki nje. Panga hivi: moja ya nje, mbili za ndani, kisha mkaote moto. Ukifanya kinyume, saa nane mchana mtoto ameshachoka.

Chakula sitasema mengi. Oliebollen ni mandazi ya duara yenye sukari ya unga, watoto watayamaliza. Ndugu zangu Waislamu, ile supu nzito ya njegere iitwayo snert kwa kawaida hupikwa na nyama ya nguruwe, ulizeni kwanza.

Simu muiweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri ikipoa inashuka ghafla, na hapo hata tiketi iliyo kwenye simu inakwenda nayo, kwa hiyo ichapisheni.

Kufika ni rahisi: kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol chukueni treni hadi 's-Hertogenbosch, halafu basi. Kigumu ni viza ya Schengen, ile ya kuingilia Uholanzi na nchi nyingine nyingi za Ulaya. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Anayetaka Januari aanze mwezi wa Nane. Watoto wa chini ya miaka minne huingia Efteling bure, lakini mimi simpeleki mwenye kukaa kwenye kigari kutwa. Anayetembea anapata joto, anayekaa anaganda. Huyo mwachieni bibi yake, aende akikua.