Koseti ya Mtumba au ya Kushonewa na Fundi?

Mwanamke wa Kisumu anayetafuta koseti, vazi la kubana kiuno na kiwiliwili, ya kuvaa harusini ana njia mbili: kuitafuta katika marundo ya mitumba sokoni Kibuye, hasa Jumapili soko linapofurika, au kumpelekea fundi cherehani kitambaa na kupimwa.

Ya mtumba ni nafuu, na mara nyingine mtu hubahatika kupata iliyotiwa fito za chuma, yaani vijiti vyembamba vinavyoshonewa ndani ili koseti ishike umbo. Tatizo ni kwamba nyingi zina fito za plastiki, ambazo hulegea kwa joto la mwili, zikapinda kiunoni na kuanza kuchoma mbavu. Kwa hiyo ipinde kwa mikono kabla ya kulipa, na ukiona fito imebaki na kikunjo, iache. Kitambaa cha poliesta nacho hakifyonzi jasho, na joto la kando ya Ziwa Victoria halina huruma.

Ya fundi hugharimu zaidi, lakini hufuata mwili wako: kifua, kiuno, nyonga, na urefu wa kiwiliwili, kipimo ambacho wengi husahau ilhali ndicho kinachoamua kama utaweza kuketi bila koseti kukusukuma kifuani. Mwombe fundi atie bitana ya pamba, na aache nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kingo za mgongoni, ili kamba ziwe na pa kukazia. Kwa vazi la kushinda nalo kutwa ningechagua ya fundi; ya mtumba inatosha kwa saa mbili za kupiga picha.