Karakana ya Dodoma inayofundisha lugha ya mashindano ya baiskeli

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikipeleka baiskeli yangu ya mashindano katika karakana moja ndogo iliyo karibu na Sabasaba, hapa Dodoma. Rimu hunyooshwa na giya hurekebishwa kwa uangalifu unaoniridhisha kabisa, lakini kinachonirudisha pale ni kipindi cha Jumamosi alasiri, ambapo fundi hueleza maneno ya mchezo huu kwa ada ya shilingi 5,000.

Wengi wetu tulivutwa na mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika, ingawa tulichoweza kufuatilia kilikuwa rangi za jezi tu. Fundi haanzi na tafsiri, bali huanza na kazi ya neno. Pelotoni ni kundi kubwa la waendeshaji, lakini ukiishia hapo hutaelewa kwa nini wengi hawathubutu kuliacha mapema: aliye ndani yake amekingwa na upepo, hivyo hutumia nguvu kidogo sana kuliko anayetangulia. Ukishalijua hilo, domestiki naye anaeleweka, yule anayemkatia upepo kiongozi wake, anayerudi kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji, na anayeweza hata kumpa gurudumu lake mwenyewe kiongozi huyo akipata pancha. Kwa Kifaransa neno hilo humaanisha mtumishi wa nyumbani, na fundi husisitiza, kwa haki kabisa, kwamba tusilitamke kwa dharau.

Somo lililonigusa zaidi lilikuwa la esheloni, kwa kuwa mji wetu ni wa upepo. Fundi alilichora kwa chaki sakafuni: upepo unapotoka ubavuni, waendeshaji hujipanga mshazari, kila mmoja akijikinga nyuma na pembeni ya mwenzake, mpaka upana wa barabara uishe, anayekosa nafasi hubanwa ukingoni bila kinga, na hapo ndipo kundi hukatika. Nimeteseka hivyo mara nyingi kwenye barabara ya Kondoa nikiilaumu miguu yangu, kumbe nilikuwa nimekaa upande usiofaa.

Anayeshika mkia katika msimamo wa jumla wa Tour de France huitwa taa nyekundu, kwa kufananishwa na taa ya behewa la mwisho la treni, na sisi tuliokulia kando ya Reli ya Kati hatukuhitaji maelezo zaidi.

Nina lawama moja ya dhati. Hali ambayo Wafaransa huiita fringale, yaani kuishiwa ghafla akiba ya wanga mwilini hadi miguu igome na kichwa kizunguke, imewekwa katika kipindi cha mwisho, ilhali kwa jua la Dodoma ingepaswa kutangulia yote. Mimi niliijua nikiwa nimeketi chini ya mbuyu kando ya barabara ya Bahi, mikono ikitetemeka, wiki mbili kabla fundi hajaifikia.