Sabuni ya Kwanza ya Kunyolea Ndevu: Ununue Ipi Ukiwa Kisumu, Nakuru au Kakamega

Anayeanza kunyoa kwa brashi na sabuni hutazama harufu kwanza, kisha kopo, kisha jina lililoandikwa juu yake. Maji huyakumbuka mwisho, na maji ndiyo yatakayoamua kama pesa zake zimefanya kazi. Sabuni ya kwanza ni ya kujifunzia kutoa povu. Kwa hiyo nimezipanga hizi kwa kigezo kinachotangulia vingine vyote: ipi itakusamehe ukikosea kipimo cha maji. Urahisi wa kuipata tena ikiisha unafuata, halafu bei, halafu harufu.

Wembe usikusumbue. Sabuni hizi hufanya kazi na kile kinyoleo cha plastiki cha kutupa, na hufanya kazi na mashine ya chuma inayotiwa Nacet. Usichoweza kukikwepa ni brashi, nayo nunua ya nyuzi za plastiki. Haihitaji kulowekwa, hukauka haraka hata msimu wa mvua, na Mwislamu hana haja ya kuuliza manyoya yametoka kwa mnyama gani, kwa maana brashi nyingi za manyoya za bei nafuu ni za nguruwe.

Maji yako kwanza

Kalsiamu na magnesiamu zilizomo kwenye maji magumu huikamata sabuni na kuigeuza utando, ule unaoganda kwenye ukingo wa beseni. Sabuni iliyokwisha kuwa utando haitakuwa povu tena. Mkazi wa Kisumu anayetumia maji ya bomba ana bahati: maji ya Ziwa Victoria ni laini, na karibu sabuni yoyote itatoa povu ndani yake. Mtu wa Kakamega au Vihiga mwenye tangi la kukinga mvua ana bahati kubwa zaidi, kwani maji hayo hayajapita kwenye mwamba wowote. Wanaopaswa kupima ni wenye visima, pamoja na wanaonunua mitungi ya mkokoteni bila kujua imejazwa wapi.

Nakuru nako kuna lawama moja inayoelekezwa pasipostahili. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, na ndiyo inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Basi mtu akiona sabuni haitoi povu, huilaumu hiyo hiyo. Floridi haina ugomvi na povu. Kinachokusumbua ni kingine, na njia ya kukijua haina gharama.

Chukua chupa safi ya nusu lita, jaza maji hadi katikati, kwangulia ndani yake sabuni kidogo ya kipande, funga, kisha utikise kwa nguvu. Usitumie sabuni ya unga, maana hiyo hutoa povu hata penye maji magumu na itakudanganya. Povu likisimama na maji ya chini yakabaki karibu kuwa angavu, maji yako ni laini. Povu likiwa haba na maji yakajaa ukungu wenye chembechembe nyeupe, ni magumu. Tiba yake ni kikombe kimoja cha maji ya mvua. Kunyoa hakutaki zaidi ya hapo: kikombe hicho kitalowesha brashi na kutengeneza povu lote, halafu uso utausuuza kwa maji yoyote yaliyopo.

Kwa nini usitumie tu mche wa sabuni

Swali hili halikosi kuulizwa Nakuru, mji ambao kampuni ya Menengai inachemsha sabuni mlangoni pako. Wazee wengi walinyolea sabuni ya kipande na wakaenda kanisani nyuso zimeng'aa. Lakini mche hutengenezwa kwa kostiki ya sodiamu (caustic soda), inayoifanya sabuni iwe ngumu na idumu kwenye karai la nguo. Povu lake lina mapovu makubwa yanayopasuka kabla hujafika shavu la pili, na linaiacha ngozi imekauka.

Sabuni ya kunyolea huongezwa kostiki ya potasiamu. Potasiamu huilainisha sabuni na kuifanya ipokee maji upesi. Ni madini yale yale yaliyojaa kwenye jivu la maganda ya maharagwe, ambalo Waluhya hulichuja kupata musherekha wa kulainishia mboga. (Usijaribu kunyolea musherekha.) Juu ya hapo huwekwa asidi ya steari kwa wingi, na hiyo ndiyo inayolipa povu uzito wa kukaa usoni bila kuanguka. Kwa hiyo ukishika kopo dukani, ligeuze usome orodha ya viungo: neno Potassium, au Stearic Acid, likiwa karibu na mwanzo, una sabuni ya kunyolea mkononi. Ukikuta orodha inaanza na Sodium pekee na hakuna Potassium popote, hiyo ni sabuni ya kuogea iliyovalishwa picha ya wembe.

Ya kwanza: kijiti cha Arko

Arko hutoka Uturuki. Ni kijiti cha gramu 75 kilichofungwa kwa karatasi, bila kopo wala mapambo, na ndiyo nitakayompa mtu yeyote anayeanza. Sababu kubwa ni kwamba haikulazimu kukadiria. Anayeanza na sabuni ya bakuli huchota kidogo mno, akapata povu jepesi, akailaumu sabuni. Kijiti unakisugua moja kwa moja kwenye ndevu zilizoloweshwa, na ndevu zenyewe zinakwangua kiasi kinachohitajika. Bakuli huna haja nalo.

Utaratibu ni huu. Osha uso kwa maji ya moto, uache na unyevu. Pitisha kijiti kinyume na ndevu zinavyoota mpaka uone utandu mweupe kila mahali. Kama una ngozi iliyowahi kutoka vipele, kipitishe taratibu. Lowesha brashi, ikung'ute, kisha anza kuzungusha usoni. Povu litakuwa zito na kavu. Chovya ncha ya brashi kwenye kikombe, zungusha tena, chovya tena, kidogo kidogo, hadi povu liwe kama maziwa mala: linang'aa, linateleza, na halichuruziki. Watu wengi huacha mapema, povu likiwa bado kavu, kwa sababu linaonekana limejaa. Kujaa si kuteleza. Wembe unataka kuteleza.

Ubaya wake ni harufu. Ni ya ndimu iliyochanganyika na mchaichai, kali, na kuna watu wataiita ya sabuni ya kusugulia sakafu. Ifungue uiache kwenye rafu siku kadhaa, itapungua. La pili, ina mafuta ya mnyama: kwenye orodha utaona Sodium Tallowate au Potassium Tallowate, jina la sabuni iliyotokana na mafuta ya wanyama kama ng'ombe au kondoo. Kwa wengi hilo si tatizo, na kwa povu ni faida. Kwa jirani yako Mhindu asiyegusa chochote cha ng'ombe, ni tatizo, na anapaswa kuruka hadi namba mbili.

Usitarajie kukikuta katika kila supamaketi. Huenda ukalazimika kuagiza mtandaoni. Agiza viwili au vitatu pamoja, maana gharama ya kusafirisha kijiti kimoja inaweza kukaribia bei yake.

Ya pili: krimu ya tyubu inayotaka brashi

Hapa kuna majina mengi: Palmolive ya tyubu, Godrej, Old Spice. Pita kwenye maduka ya Oginga Odinga Street pale Kisumu, au Kenyatta Avenue pale Nakuru, uulize krimu ya kunyolea ya tyubu. Usikubali kupewa mkebe wa povu la kubonyeza. Mkebe huo una povu lililokwisha kujazwa gesi, haukufundishi kitu.

Krimu nayo inasamehe sana. Maji yamekwisha kuchanganywa ndani yake kiwandani, kwa hiyo kiasi cha nusu kidole juu ya brashi yenye unyevu kinakuwa povu hata ukiwa na usingizi. Kwa maji magumu ya kisima ni chaguo bora kuliko kijiti, na hapo nakuruhusu ugeuze mpangilio wangu. Nimeiweka ya pili kwa sababu huisha upesi, mtu hukamua nyingi kuliko anavyohitaji.

Ya tatu: Proraso

Kampuni ya ukoo wa Martelli wa Florence, Italia, ilianza mwaka 1908, na makopo yake ya kijani ndiyo watu wengi huyaona kwanza wakianza kutafuta. Proraso ya bakuli ni sabuni laini, unaweza kuibonyeza kwa kidole, na hutoa povu bila ubishi. Ipo pia ya tyubu.

Rangi zina maana. Ya kijani ina yukalipti na menthol. Harufu yake mtu wa Vihiga anaijua tangu utotoni, ni mikaratusi ile ile ya mpakani mwa shamba, na ubaridi wa menthol ni neema kwenye joto la Kisumu saa sita mchana. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na asubuhi za Julai huko uso hauhitaji kupoozwa zaidi. Chukua nyekundu, yenye msandali na siagi ya shea, iliyotengenezwa kwa ajili ya ndevu ngumu. Nyeupe, yenye chai ya kijani na oti (oats), ni ya ngozi inayowasha haraka.

Kwa ubora ingeweza kuwa ya kwanza. Bei yake ndiyo iliyoiteremsha. Mtu hajui bado kama ataipenda kazi hii ya brashi, kwa nini aanze na kopo la Italia?

Cella, na kilo nzima

Cella ya Milano, iliyoanza 1899, ni laini kuliko Proraso na inanukia lozi. Nayo ina mafuta ya mnyama. Povu lake ni zuri mno. Huuzwa kopo la gramu 150, lakini pia huuzwa kwa kilo, na hapo ndipo inapoanza kupendeza kwa hesabu: wanaume sita wa chama kimoja wakichanga na kukata kilo vipande, kila mmoja anaondoka na sabuni ya muda mrefu kwa pesa chache kuliko kopo. Kipande chako kibonyeze ndani ya mkebe wowote wenye kifuniko. Ukimaliza kunyoa acha kifuniko wazi mpaka juu pakauke, hasa kando ya ziwa, ambako joto na unyevunyevu huifanya sabuni laini ibaki na majimaji.

Za mikono, na zile za sifa

Sabuni za kutengenezwa nyumbani, zinazouzwa kwenye maonyesho na masoko, nyingi ni nzuri kwa kuogea. Muulize muuzaji swali moja: umetumia kostiki ipi? Akisema ya potasiamu, au zote mbili, nunua ujaribu. Akianza kukueleza kuhusu asali na mwarobaini tu, mshukuru uendelee na safari.

Mwishoni kabisa naweka vipande vigumu vinavyosifiwa, na mfano wake ni Mitchell's Wool Fat ya Bradford, Uingereza, jina lililoanza 1893. Ina lanolini, mafuta ya sufi ya kondoo, na uso hubaki laini baada yake. Lakini ni sabuni inayomtaka mtu aliyekwisha kujua mkono wake: brashi isugue muda mrefu, maji yapimwe. Itakufaa ukishamaliza kijiti cha kwanza.

Kwa mwenye vipele vya kidevu

Ndevu zetu zilizojikunja zikikatwa chini sana hurudi kuingia ndani ya ngozi, na pale huvimba. Hakuna sabuni inayotibu hilo, hata ikiandikwa nini. Sabuni inachofanya ni kukuruhusu unyoe kwa wembe wa makali mamoja bila kukandamiza. Fuata ndevu zinavyoota, usivute ngozi, usirudie kinyume, na ukubali zibaki kidogo. Mwenye vipele aepuke menthol na harufu kali, yaani Proraso nyeupe au krimu isiyo na manukato itangulie Arko kwenye orodha yake. Vikizidi, daktari wa ngozi aone kwanza, brashi ingoje.

Baada ya kunyoa, kipande cha shabu (alum) kutoka duka la viungo, kikiloweshwa na kupitishwa usoni, hukausha mikwaruzo midogo. Kitakuchoma pale ulipokandamiza wembe, kwa hiyo utajua pa kuwa mwepesi safari ijayo. Kisuuze ukianike mbali na brashi.