Baiskeli ya Kukunja kwa Safari za Ndege Ndogo Kusini: Ipi Ianze, Ipi Ifuate

Anayetua Kikwetu kwa ndege ndogo ya binafsi hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: atafikaje Lindi mjini? Uwanja uko kaskazini ya mji, mbali kiasi cha kumchosha mtembeaji, na ndege isiyo na ratiba haina bodaboda inayoisubiri nje ya geti. Mtwara hali ni afadhali, kwa kuwa uwanja hauko mbali na mji na kuna lami hadi Mikindani. Kilwa Masoko ni nafuu zaidi, maana ukishuka ndegeni mji uko palepale, ingawa anayetaka kufika Kivinje bado ana safari ndefu. Katika viwanja hivi vyote, pamoja na vile vya Nachingwea na Masasi, baiskeli ya kukunja humwezesha rubani na abiria wake kwenda watakako kwa wakati wautakao. Mwongozo huu unazipanga aina zinazopatikana kwa kuzingatia mambo mawili: je, baiskeli inaingia ndegeni bila kuhatarisha safari, na je, fundi baiskeli wa huku kusini anaweza kuitengeneza ikiharibika? Nimeyapa mambo haya uzito sawa kwa makusudi, kwa sababu baiskeli inayoingia ndegeni vizuri lakini ikakosa tyubu Masasi ni mzigo mtupu.

Kabla ya kuitazama baiskeli yoyote, ipime ndege. Ndege ndogo zinazorushwa na watu binafsi hapa nchini mara nyingi ni za familia ya Cessna, na Cessna 172 inatosha kuwa kipimo, kwani kinachoingia humo kitaingia pia katika 182 na 206. Mlango wa mizigo wa 172 nyingi una upana wa karibu sentimita 39 na kimo cha karibu sentimita 56 upande wa mbele, kikipungua kidogo upande wa nyuma. Baiskeli ya kukunja yenye magurudumu ya inchi 20 ikishakunjwa huwa na vipimo vya karibu sentimita 80 kwa 65, na unene wa kati ya 35 na 40. Hata ukiigeuza vipi, uso wake mdogo kabisa hauwezi kupita katika mlango huo. Hili halimaanishi kwamba haifai. Maana yake ni kwamba itaingia kwa mlango wa abiria, kiti cha mbele kikiwa kimesogezwa, na kulazwa juu ya kiti cha nyuma. Kwa hiyo safari ya watu wawili na baiskeli mbili inawezekana katika 172, lakini safari ya watu watatu na baiskeli mbili za inchi 20 sahau.

Njia ya uhakika ya kujua kabla ya kulipa ni rahisi. Chukua vipimo vya baiskeli iliyokunjwa kutoka kwa muuzaji, tengeneza boksi la kadibodi lenye vipimo hivyo hivyo, nenda nalo uwanjani na ulijaribu katika ndege yenyewe. Boksi likikwama kwenye fremu ya mlango, au likigusa kiti cha rubani kikiwa katika nafasi yake ya kurukia, umepata jibu lako kwa gharama ya kadibodi.

Uzito nao unastahili kufikiriwa kwa makini. Baiskeli mbili za kilo 12 kila moja ni kilo 24. Petroli ya ndege ina uzito wa karibu kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo kilo hizo ni sawa na lita 33 za mafuta, na Cessna 172 hutumia takribani kiasi hicho kwa saa moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, yaani karibu saa mbili angani. Rubani ambaye ndege yake tayari imefika kikomo cha uzito, kisha akaamua kupunguza mafuta ili apakie baiskeli, anakuwa ametoa saa nzima ya akiba yake katika ukanda ambao viwanja viko mbali mbali na mafuta ya ndege za pistoni hayapatikani kila mahali. Ndiyo maana katika mpangilio huu kila kilo imehesabiwa.

Nafasi ya kwanza naipa baiskeli ya inchi 20 yenye fremu ya alumini, ya aina inayotengenezwa na Dahon, kampuni iliyoanzishwa na David Hon mwaka 1982, au Tern, iliyoanzishwa na mwanawe mwaka 2011. Zipo kampuni nyingine zinazotengeneza baiskeli za mfano huo huo, na nyingi huwa na uzito wa kilo 11 hadi 13. Sababu yangu kubwa iko kwenye gurudumu. Ubavuni mwa tairi huwa pameandikwa namba mbili zenye kistari katikati. Ya pili ndiyo inayokuambia kipenyo halisi cha ringi kwa milimita. Inchi 20 ya kawaida ni 406, na hiyo ndiyo inayotumika katika baiskeli nyingi za watoto na zile za kuchezea michezo. Hii ina maana kwamba tyubu na tairi lake hupatikana kwa urahisi kuliko saizi nyingine ndogo, na fundi aliyekaa chini ya mkorosho na beseni lake la maji ya kutafutia pancha ameshalishika mara nyingi. Jihadhari na inchi 20 nyembamba yenye namba 451: ni ya baiskeli za mbio, na tairi la 406 halikai kwenye ringi yake hata kidogo.

Faida ya pili ya inchi 20 ni ardhi yetu. Ukishatoka kwenye lami, njia nyingi za pwani ya Mtwara na Lindi ni mchanga, na gurudumu dogo lenye tairi jembamba huzama mchangani. Tafuta fremu inayokubali tairi la upana wa sentimita 4 au zaidi, na upunguze upepo kidogo ukifika kwenye mchanga. Dahon wana muundo uitwao Mariner uliobuniwa kwa ajili ya watu wa mashua, wenye vifaa vinavyostahimili kutu kuliko kawaida. Kwa mtu anayeishi Shangani au Mikindani, ambako upepo wa bahari hula mnyororo na spoki usiku na mchana, sifa hiyo ina thamani kuliko idadi ya gia. Gia saba au nane zinamtosha yeyote ambaye hapandi uwanda wa Makonde kuelekea Newala.

Nafasi ya pili ni ya Brompton ya Uingereza, ambayo Andrew Ritchie alianza kuibuni London katika miaka ya 1970. Kwa kukunjika hakuna inayoifikia: inabaki na unene wa sentimita 27 tu, kimo cha karibu 57 na urefu wa 58 hadi 65 kutegemea muundo, na mnyororo wake hujificha katikati ya magurudumu, hivyo hauchafui viti. Ya chuma ina kilo 11 hadi 12 na zaidi kidogo. Yenye titani inashuka hadi kilo 7 na nusu, kwa bei ambayo wachache wataimudu. Brompton mbili zinakaa upande kwa upande kwenye kiti cha nyuma cha 172 na bado unabaki na nafasi ya mabegi. Kuhusu ule mlango wa mizigo, vipimo vinakaribiana mno, kwa hiyo jaribu na boksi lako kwanza.

Kilichoiweka ya pili ni tairi. Gurudumu la Brompton huitwa inchi 16, lakini namba yake ni 349, ilhali inchi 16 ya baiskeli za watoto zinazouzwa madukani kwetu ni 305. Majina yanafanana, ringi hazifanani. Tairi la 349 likipasuka Nachingwea, fundi hana la kukuuzia. Anayeinunua aagize papo hapo tairi la akiba na tyubu kadhaa, avihifadhi nyumbani, na safarini asikose tyubu mbili begani. Anayekubali masharti hayo, na ambaye safari zake ni za lami ya Mtwara mjini na Mikindani, atakuwa amepata baiskeli nzuri kuliko zote. Mpya huko Uingereza ni karibu pauni 1,000 na kwenda juu, kabla ya usafiri na ushuru.

Ya tatu ni Montague ya Marekani, baiskeli ya ukubwa kamili inayokunjwa katikati baada ya kutoa gurudumu la mbele. Ina magurudumu ya inchi 26 au makubwa zaidi, na saizi ya 26 kila fundi wa kusini anaijua. Mchangani na kwenye njia za mashamba ya korosho inakwenda vizuri kuliko zote nilizozitaja. Tatizo ni kwamba ikikunjwa bado ina karibu sentimita 91 kwa 71 kwa 30 na uzito wa kilo 13 au zaidi. Naipendekeza kwa mwenye Cessna 206 pekee, yenye mlango wa mizigo wa nusu mbili upande wa kulia. Hapo kuna tahadhari ambayo rubani wa 206 anapaswa kuirudia kwa kila abiria: flapu, yaani vile vibao vya nyuma ya mabawa, zikiwa zimeteremshwa, nusu ya mbele ya mlango huo haifunguki inavyopaswa, kwa hiyo baiskeli isiwekwe kamwe mahali itakapoziba nusu ya nyuma au kumzuia mtu kuifikia.

Baiskeli za kukunja za mtumba, nyingi kutoka Japani, ndizo ambazo wengi wetu tutaziona kwanza, na bei yake inavutia. Nimeziweka nafasi ya nne kwa sababu nyingi ni za chuma na hufikia kilo 15 au zaidi, lakini siwezi kumwambia mtu asiinunue ikiwa imekaguliwa vizuri. Ukaguzi wenyewe uanzie kwenye bawaba ya fremu. Ikunjue baiskeli, funga bawaba, kamata breki ya mbele, kisha isukume na kuivuta kwa usukani huku kidole chako kikiwa kimegusa maungio ya bawaba. Ukihisi mchezo wowote, yaani maungio kulegea na kutikisika, hata kidogo, mwombe muuzaji aikaze mbele yako. Mchezo ukibaki, achana nayo. Futa vumbi na grisi kuzunguka mahali bomba la fremu lilipochomelewa kwenye bawaba, uangalie kwa tochi: ufa huanza kama mstari mwembamba kwenye rangi, mara nyingi ukiwa na kutu ya rangi ya chungwa. Rudia hivyo hivyo kwenye bawaba ya nguzo ya usukani, ambayo ikikatika humwangusha mpandaji uso kwa uso na lami.

Zile za inchi 14, zenye kilo 8 hivi, zinafaa kwa abiria wa ndege za kukodi zinazoweka kikomo cha kilo 15 za mzigo katika begi laini, mradi hatoki kwenye lami. Za umeme naziweka mwisho kabisa. Betri zake kwa kawaida huzidi wati-saa 160, kiwango ambacho ndege za abiria haziruhusu kukivuka, na katika ndege ya binafsi moto wa litiamu ndani ya chumba kidogo ni hatari ambayo sheria ikinyamaza haimaanishi imeondoka.

Ukishanunua, upakiaji ufanywe na rubani mwenyewe au chini ya macho yake. Sehemu ya mizigo ya 172 inabeba kilo 54 tu kwa jumla, na mzigo unaozidi huko nyuma husogeza kitovu cha uzito, ndege ikapoteza utulivu na kuwa ngumu kuirejesha ikipoteza nguvu ya kuelea. Hivyo piga hesabu kwa kilo halisi za baiskeli, iliyopimwa kwenye mizani, si zile za tangazo. Ilaze upande wa mnyororo ukiwa juu, ifunike kwa turubai, na upitishe mikanda kwenye fremu, kamwe si kwenye spoki. Ivute kwa nguvu pande zote. Ikisogea, kaza tena. Upepo wa matairi hauna haja ya kutolewa wote: kwenye futi 10,000 tofauti ya shinikizo huongezeka kwa takribani pauni 4 na nusu tu kwa inchi ya mraba, kiasi ambacho tairi zima linakihimili. Na kama kiti cha mbele cha abiria ndicho pekee kilichobaki wazi, usiiweke hapo. Itazuia usukani wa ndege usivutwe hadi mwisho, na ikiwa ni ya chuma itapotosha dira.