Frankenstein ya mtumba: fungua kurasa hizi kabla hujalipa

Riwaya ya Mary Shelley huibuka mara kwa mara kati ya vitabu vya mtumba vinavyotandazwa kando ya barabara, Posta na Samora jijini Dar es Salaam. Muuzaji hupanga bei kwa kuangalia jalada. Wewe angalia ndani, maana jina hilo moja linabeba vitabu vitatu: toleo la 1818, toleo la 1831 ambalo mwandishi alilirekebisha, na vijitabu vilivyofupishwa kwa wanaojifunza Kiingereza. Kwa msomaji wa riwaya za kigothiki (hadithi za hofu na giza) anayetaka kuona muumbaji, Victor Frankenstein, na kiumbe wake wanavyofanana, hicho cha tatu ni hasara hata ukiuziwa shilingi elfu mbili.

Kukitambua si kazi. Hadithi kamili huanza na barua ya Walton, msafiri wa baharini anayeandika hadithi hii, kutoka St. Petersburg, na barua ziko nne kabla ya sura ya kwanza. Kijitabu kilichofupishwa mara nyingi huziruka, kisha hulibana simulizi la kiumbe mwenyewe (Sura ya 11 hadi 16 katika toleo la 1831) likabaki kurasa chache. Humo ndimo kiumbe anapookota mkoba wa vitabu porini na kujisomea bila mwalimu. Sasa rudi nyuma: Victor naye, akiwa na miaka 13, alikikuta kitabu cha Cornelius Agrippa, mwandishi wa kale wa mambo ya uchawi, katika nyumba ya wageni karibu na Thonon. Baba yake alikiita takataka, asieleze kwa nini. Wote wawili wamelelewa na vitabu vya kuokota, bila mkubwa wa kuwaelekeza. Ufundi wa Shelley uko hapa kuliko kwenye umeme na radi ambazo filamu zimezikuza.

Kuna sehemu tatu za kuwekea alama ya penseli, kwa namba za sura za 1831. Sura ya 8, Justine, mtumishi wa nyumbani kwao Victor, anapohukumiwa kwa mauaji yaliyofanywa na kiumbe, Victor anasema amebeba jehanamu moyoni. Sura ya 16, baada ya Felix, kijana wa familia ambayo kiumbe alikuwa akiichungulia kwa siri, kumcharaza kwa fimbo, kiumbe anasema karibu maneno yaleyale, akijifananisha na Shetani. Sura ya 24 Victor anajilinganisha na malaika mkuu aliyetamani uweza wote, sasa amefungwa minyororo jehanamu. Zimeachana mno, ukisoma kwa haraka utazipita bila kusikia mmoja akimjibu mwenzake.

Basi 1818 au 1831? Sura zikienda mfululizo hadi 24, ni la 1831. Zikianza upya katika kila juzuu kati ya tatu (sura 7, 9, kisha 7), ni la 1818. Kipimo kingine ni Elizabeth, mchumba wa Victor: katika la kwanza ni binti wa shangazi yake Victor, katika la pili ni yatima aliyekutwa kwa wakulima karibu na Ziwa Como. Kwa mada hii chukua la 1818. Katika la 1831 Victor analaumu majaliwa kupita kiasi. Mwishoni mwa Sura ya 2 anadai yalishaamua aangamie. Kwa hiyo muumbaji naye anageuka kitu kilichofinyangwa na mwingine, na kosa lake la kumtelekeza kiumbe linapata kisingizio. Ufanano umeongezeka, lawama imepungua, na riwaya imelegea. La 1831 lina faida moja kubwa, nayo ni utangulizi wa mwandishi kuhusu kiangazi cha 1816 karibu na Geneva, ambamo anakiita kitabu chake mtoto wa kutisha na kumtakia heri. Yaani naye yumo kwenye orodha ya waumbaji.

Kagua pia karatasi za mwisho. Gundi ya mgongo ikikauka, hizo huchomoka mapema, na ndizo zenye hotuba ya kiumbe mbele ya maiti ya Victor. Sentensi ya mwisho kabisa inamwonesha akichukuliwa na mawimbi gizani. Isipokuwepo, rudisha kitabu.

Ukikosa nakala nzuri, hakimiliki ilishakwisha na matoleo yote mawili yapo bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni: namba 84 ni la 1831, namba 41445 ni la 1818. Ni maneno 75,000 hivi, kwa hiyo steshenari itatumia karibu karatasi 80 za A4 zikichapwa pande mbili. Omba pambizo ya sentimita 2.5 upande wa kubana, la sivyo mashine ya spairo itatoboa maneno.